Koti Jeupe na Mashimo ya Makumbi

Jumatatu, 6 Oktoba 1947. Mjambere.

Nyumba kimya. Wiki ya tatu hii tangu Suad amchukue mtoto na kwenda kwao Mtongwe. Mwanasha alishikwa na homa mara ya nne tangu Ramadhani, na mamake akafunga nguo zao ndani ya leso, akasema hamrudishi mtoto kwenye nyumba ya homa. Nilimwambia homa ni ya kila mtu. Akajitwika mzigo, akashika njia.

Nimechoka na mihogo ya kuchemsha. Nimechoka na kitanda kipana. Nawataka wote wawili hapa, na nalisema humu kwa sababu daftari halina mdomo.

Lakini leo kuna habari! Baada ya swala ya adhuhuri mzee wa mtaa ametangaza: ofisi ya daktari itajenga dispensari moja upande huu wetu. Moja tu! Ama Mjambere, ama Frere Town. Atakuja Bwana Afya kupita nyumba kwa nyumba, aulize watu wanaumwa nini, na penye haja kubwa ndipo patakapotangulizwa. Tena atatakiwa dresa wa kufunga vidonda na kugawa dawa.

Nikaona mambo yote papo hapo. Dispensari Mjambere. Dresa: Barakat. Mwanasha akishikwa na homa, babake yuko hatua kumi kutoka kitandani, chupa ya kwinini mkononi. Suad atakuwa na hoja gani tena? Atarudi kabla ya Idi Kubwa. Bado siku kumi na tisa.

Sifa ninazo. Wakati wa vita nilifagia wodi za hospitali ya askari siku kumi na moja, na macho yangu hayakuwa yamefungwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Koti kwanza. Dresa bila koti ni mtu yeyote. Nguo nyeupe madukani bado ni adimu, kwa hiyo nimempelekea fundi kanzu yangu ya Idi aikate kiunoni na kuipasua mbele. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Watu wadogo wana maswali mengi.

Koti limetoka zuri sana. Limebana kwapani, lakini dresa hana haja ya kuinua mikono sana.

Nilikuwa nimekaa nalo barazani wakati Phineas Ngumbao alipopita na baiskeli yake. Huyu ni wa Frere Town. Ana cheti cha udresa, kweli, na kila jioni watu hupanga foleni kibarazani kwake kufungwa vidonda. Majivuno matupu. Alishuka, akaniamkia vizuri, akauliza nimeanza ukinyozi lini. Eti angependa kupunguzwa nywele.

Nikaingia ndani na koti langu.

Jioni niligeuza makumbi. Nina mashimo matatu nyuma ya nyumba. Makumbi ya nazi hulowekwa mpaka yakaoza, halafu hupondwa, halafu husokotwa kamba. Wanawake wa pwani hufukia yao kwenye matope ya mkono wa bahari, maji yakija na kutoka. Huko ni mbali. Mimi nilichimba hapahapa nyumbani nikajaza maji ya kisima. Akili hiyo! Kahaso, jirani yangu, mama wa Kigiriama mwenye shamba la mbaazi, anasema yananuka. Kwani nani alimwambia mali hunukia?

Tena anasema vile vidudu vinavyojipindapinda majini ndio mbu wenyewe. Nilicheka. Mbu ana mabawa. Hivi havina hata bawa moja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Aibu! Aibu kubwa!

Bwana Afya amekuja. Jina lake Dishon, kijana wa Taita, kaptula ya kaki, daftari kwapani, mpole kama mkwe mpya. Nilimpokea nimevaa koti. Nikajitolea kumpitisha nyumba zote za Mjambere mwenyewe, ili aone ugonjwa kwa macho yake na aone pia nani anaufahamu.

Nyumba ya kwanza. Bi mkubwa, mguu umevimba, kaufunga kitambaa. Dishon akampa shikamoo, akauliza, "Hamjambo hapa?" Bi mkubwa akajibu hawajambo, alhamdulillahi. Hakuna mgonjwa? Hakuna, wote wazima. Na mguu? Ah, mguu, uzee tu huo, mwanangu, karibu uji.

Nyumba ya pili. Watoto watatu wamelala mkekani wanatetemeka kwa homa. Hamjambo? Hatujambo, twamshukuru Mungu. Na hawa watoto? Wamepumzika.

Nyumba ya tano mtu alikohoa mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akasema kwake ni salama salimini.

Nyumba arubaini na mbili! Kote salama! Kote alhamdulillahi! Mimi nyuma nakonyeza, nafinya, nakanyaga watu vidole. Wapi. Mtu amefundishwa adabu tangu utotoni kwamba mgeni haamkiwi kwa maradhi, na watoto hawahesabiwi mbele ya jicho la mtu asiyejulikana. Leo nimewachukia wote kwa malezi yao mema.

Mwisho Dishon alifika kwangu. Akaniuliza, "Na wewe, Bwana Barakat, hujambo?"

Nikasema sijambo, alhamdulillahi. Ulimi ulikwenda wenyewe.

Katika daftari lake aliandika sifuri arubaini na tatu. Mjambere ndio mtaa wenye uzima kuliko yote katika dunia hii. Frere Town, nasikia, Phineas alimpeleka Dishon moja kwa moja kibarazani kwake wakati wa kufunga vidonda.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilikwenda Ijumaa na nusu kanzu na kikoi. Imamu alinitazama katikati ya hotuba. Akapoteza mahali alipofika.

Baada ya swala niliwakusanya wanaume nikawaeleza ujinga wao. Mtu akiuliza kwa sababu ya serikali, ataje ugonjwa! Wakakubali. Ndipo ikazuka balaa nyingine. Kila mmoja alitaka ugonjwa wa heshima. Wote saba wa safu ya mbele wakachagua baridi yabisi, kwa sababu huwapata watu wazima waliokaa sana msikitini. Upele hakuna aliyeutaka. Safura wakasema ni ya watu wa mtaa wa pili. Mshipa, uvimbe ule wa chini ya kikoi, ambao najua wazi wanao wanne, ulipotajwa tu kila mtu alikumbuka ana mbuzi wa kufunga nyumbani.

Dishon alikuwa amesimama pembeni, akasikia yote. Hakucheka. Mimi ningecheka. Akasema kwa upole kwamba ameelewa sasa: watu wanaona haya kusema, basi wasiseme. Jumanne ataweka vifuu vitano nyuma ya pazia. Kimoja cha homa, kimoja cha vidonda, kimoja cha kikohozi, kimoja cha safura, kimoja cha maji mabaya ya kisima. Kila mtu mzima, mume na mke, atapewa punje tatu za mahindi, aingie peke yake na kuzitia anapoona panamuuma zaidi. Hakuna wa kumwona ila Mungu.

Akaendelea kueleza mengi marefu kuhusu kila tatizo na dawa yake, na fungu gani litafanyiwa nini. Mimi nilikuwa nafikiria vifungo. Koti la dresa huwa na vifungo vitano au sita?

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekwenda Mtongwe. Daraja, kisiwa chote kwa miguu, feri, kisha mchanga mpaka kwao. Nilivaa koti. Kwenye feri mwanamke mmoja aliniomba nimtazame mtoto wake jicho. Nikamtazama. Nikamwambia ni jicho. Akanishukuru.

Mwanasha amenenepa! Mashavu yamerudi. Alinishika kidevu akacheka, nikasahau nilikuwa nataka kusema nini. Nilitaka kulia, kwa kweli. Nikajisingizia mchanga.

Suad alinikaribisha kwa heshima, akaleta kahawa, akakaa mbali kidogo. Nikamweleza dispensari, koti, kwinini, hatua kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba Mwanasha, wallahi mimi sitaki dawa ya homa. Nataka mtoto asishikwe na homa. Hapa wiki tatu hata siku moja hajatetemeka. Yafukie yale mashimo."

Nikamwambia ni upepo wa Mtongwe unaomfaa mtoto.

Akasema ni mbu.

Nikamwambia kamba itakapouzwa atajionea. Akaondoa kikombe changu kabla sijamaliza.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na huzuni. Kisha katikati ya daraja nikapata mpango, huzuni ikaisha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mpango: kifuu cha homa lazima kijae. Homa ndio ugonjwa wa dawa. Dawa ndio dispensari. Hata mtoto anaelewa.

Nimepita kila mlango. Nimewaambia kesho wasahau baridi yabisi, wasahau kila kitu, punje zote tatu kwenye homa. Nilitarajia upinzani. Hapana! Kahaso, mwanamke aliyenigombeza miezi sita mfululizo, alisema yeye na wanawake wenzake wameshapatana, wote wanatia homa. Akanishika mkono kabisa. "Hapa nawe umesema neno, Barakat. Mungu akubariki."

Nilishangaa. Labda watu hukua wakiwa na miaka hamsini. Nimemwahidi atakuwa wa kwanza kutibiwa.

Lakini mwenye busara hategemei watu. Nimechukua mahindi vibaba viwili kutoka kwenye chakula cha kuku, nimeyatia mfuko wa ndani wa koti. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku ya vifuu. Niandike haraka kabla sijakasirika upya.

Watu walikuja kwa wingi, wanawake mbele. Pazia lilikuwa shuka lililofungwa kati ya minazi miwili karibu na duka. Dishon alitoa punje tatu tatu mwenyewe. Nilingoja mpaka wengi wamekwisha, nikaingia, nikamimina mfuko mzima kwenye kifuu cha homa. Kikafurika. Nikafukia zilizoanguka kwa mguu. Nikatoka natembea kwa kiasi.

Dishon akafunua shuka, akamimina homa juu ya meza mbele ya watu wote.

Punje alizotoa yeye zilikuwa nyeupe. Zote nyeupe. Mahindi yangu ni ya njano! Yale ya serikali ya wakati wa njaa ya vita, ambayo hakuna mtu Mjambere anayeyala tena, na hakuna mtu Mjambere anayefuga kuku kwa hayo ila mmoja.

Watu wote waligeuka kunitazama. Kwanza Kahaso akacheka, halafu duka zima. Phineas, ambaye alikuja kuangalia eti kwa ujirani, alilazimika kuegemea baiskeli. Kuku wangu mwenyewe alipita akaanza kudonoa zilizoanguka chini.

Dishon alizitenga za njano upande mmoja kwa kiganja, taratibu, akahesabu nyeupe. Homa mia mbili na kumi na sita. Vidonda thelathini na nne. Kikohozi ishirini na moja. Maji ya kisima kumi na tisa. Safura saba, na wenyewe wanajijua. Homa imeshinda kwa haki bila mimi!

Nikasimama. Nikasema, mnaona? Homa! Dispensari ni yetu! Nikafunga kifungo cha juu cha koti.

Dishon akaniambia, kwa upole uleule unaokera, kwamba Ijumaa alieleza. Frere Town nao walipewa punje zao jana, wakatia vidonda, na vidonda hutaka mtu wa kuvifunga kila siku: dispensari ni yao, na Phineas ndiye dresa. Homa ya Mjambere imezidi mno, na homa ya kiasi hicho haianzwi kwa kwinini. Huanzwa kwa kutafuta mbu wanazaliwa wapi. Ndilo jambo la kwanza kwa mtaa huu, na limeandikwa namba moja.

Akauliza nani anajua maji yaliyotuama yako wapi.

Wanawake wote walinyoosha kidole mahali pamoja. Sijaona umoja kama huo tangu nizaliwe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Walikuja asubuhi, mtaa mzima, na majembe na matenga. Juzi ileile Dishon alikuwa amechota maji ya shimo kwenye gilasi, akaifunika kwa kitambaa, akaiacha kwa mzee wa mtaa. Leo akaifunua mbele yangu. Vile vidudu vimekuwa mbu. Wakaruka wakaenda zao.

Nikasema walikuwa wamejificha kwenye kitambaa.

Makumbi yangu yametolewa yote na kupelekwa pwani kwa mikokoteni, yakafukiwa kule matopeni kwa wanawake wengine. Mashimo yamejazwa udongo na kushindiliwa. Kahaso alishindilia zaidi kuliko wote. Alikuwa anaimba. Nilikaa ndani nikafunga dirisha, kisha nikalifungua kidogo kwa sababu ya joto, kisha nikatoka kuwaonyesha namna bora ya kushika jembe.

Baadaye, nyuma ya nyumba ilipokuwa tupu na safi, niliketi hapo peke yangu. Miezi sita ya kazi. Nilijisikia vibaya sana. Dispensari sina. Kamba sina. Kanzu sina. Mke na mtoto wako ng'ambo ya maji mawili, na Idi ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mambo yamegeuka!

Dishon alipita kuaga. Nadhani alinionea huruma, au alitambua kipaji. Amesema mtaa unahitaji mtu wa kuangalia maji yasituame tena: mitungi isiyofunikwa, vifuu vilivyotupwa, madebe, kila kitu kinachoshika maji ya mvua. Mshahara hakuna. Kuna filimbi. Amenipa mimi! Akasema mtu aliyechimba mashimo matatu anajua mashimo.

Nimevaa koti nikaanza mara moja. Nimekagua nyumba thelathini. Kwa Kahaso nimekuta kifuu nyuma ya jiko, maji kidole kimoja. Kidole kimoja! Nikapiga filimbi mpaka akatoka na mwiko. Nimemwonya mara ya kwanza. Bi mkubwa wa mguu nimemwonya kwa sababu ya sahani ya paka.

Nyumba yangu sikuikagua. Mkaguzi hajikagui.

Jumatatu, 20 Oktoba

Barua kutoka Mtongwe! Amesikia. Sijui habari hupitia wapi, labda kwa Kahaso. Suad anaandika kwamba amefurahi mashimo yamefukiwa, kwamba hicho tu ndicho alichokuwa anataka tangu mwanzo na alinitajia mara tatu kabla ya kuondoka na mara moja baada, na kwamba watakuja Alhamisi, yeye na Mwanasha, tufanye Idi pamoja.

Nimeisoma mara tano. Nimeruka, nikagonga kichwa kwenye mwamba wa paa. Alhamisi!

Hilo la mashimo ameliandika kwa haya. Ni wazi amesikia habari ya cheo na filimbi. Wanawake hawapendi kukiri kwamba wamevutiwa na cheo cha mtu.

Jumatano, 22 Oktoba

Siwezi kumpokea mke mikono mitupu. Mwenye cheo lazima awe na biashara pia.

Bahati imenikuta njiani. Karibu na kambi ya zamani ya askari nimemkuta mtu aliyepewa kazi ya kuondoa matairi ya malori ya jeshi yaliyochakaa. Hakuwa na mahali pa kuyatupa. Nikamwambia alete kwangu yote. Alinishukuru kwa mikono miwili! Mjinga yule hajui kwamba tairi moja ni viatu jozi kumi, vya kudumu, visivyojua miiba.

Matairi sitini na nne. Yamejaa nyuma ya nyumba, pale palipokuwa patupu, mpaka ukutani. Kahaso alichungulia juu ya ua, akafungua mdomo, akaufunga, akaingia ndani. Wivu ni kitu kibaya. Nikampigia filimbi kidogo, ya salamu.

Nimefagia nyumba. Nimetandika kitanda cha Mwanasha na mto mpya wa usufi. Nimenunua chenga za mchele na samaki wa kupaka. Kesho adhuhuri watakuwa hapa, na nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo kitako. Biashara sikumwandikia Suad. Nataka aione kwa macho yake.

Mvua ya vuli imeanza alasiri hii na haijakatika. Nimetoka kuangalia. Kila tairi limejaa maji pomoni, yote sitini na nne. Vizuri sana. Mpira ukilowa wiki mbili tatu hukatika kwa urahisi.